Jiwe Lililo Juu ya Nyumba ya Mama Sabina

Dada Koku,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani na mguu wako umepungua uvimbe. Je, migomba imepona ule mnyauko? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaotetemeka, na kwa kuwa tangu utoto sijapata kuogopa mbele ya mtu mwingine ila wewe, ngoja niogope hapa.

Unajua nilivyoipigia kelele dunia nzima, darasani na magazetini. Tangu nihamie huku juu ya Mkuyuni nawapigia kelele majirani: wanalima mteremko bila matuta, wamemaliza miti, na picha zao za simu ni upuuzi kwa sababu hakuna anayeziangalia mara ya pili. Mimi zangu naziangalia mpaka macho yaume. Kamera ya marehemu baba bado inafanya kazi. Naitilia mikanda ya picha nyeusi na nyeupe na kuisafisha mwenyewe jikoni. Tena nina kopo la maziwa nililolitoboa kwa sindano, ndani nimeweka karatasi ya picha. Nimelifunga kwenye nguzo likitazama mlima, nalo hupiga picha moja kwa wiki nzima. Mpita njia haonekani. Kilichotulia ndicho kinachobaki.

Baada ya mvua za kwanza nilitoa karatasi. Paa la jirani yangu Mama Sabina lilikuwa wazi. Msalaba wa kanisa, wazi. Lakini jiwe kubwa lililo juu ya nyumba yake lilikuwa na ukungu pembeni, kama mtu aliyegeuza shingo wakati anapigwa picha. Nikasema kopo limetikisika. Lakini kama ni kopo, mbona paa limetulia? Nikachukua mikanda miwili niliyopiga kwa kamera ya baba kutoka nguzo hiyohiyo, mmoja wa kiangazi, mmoja wa sasa, nikaipandanisha dirishani. Paa juu ya paa. Msalaba juu ya msalaba. Jiwe halikukutana na jiwe.

Linashuka, dada. Na chini yake wanalala watoto.

Nilimkimbilia Baba Sabina. Nilibishana naye siku baada ya siku, mvua zikiendelea, mpaka akachoka.

"Mwalimu, unanigombeza bure. Mimi hapa ni mwoaji tu. Nyumba na shamba ni vya ukoo wa mke wangu. Kamwone mjomba wao."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulinipa nafasi ya kusema?"

Miaka yote hii naishi na Waluguru, nimeandika habari zao, halafu nikagonga mlango wa mume kana kwamba niko kwetu Bukoba!

Mjomba ni Mzee Leodgar, anauza mdalasini gulioni. Ndiye niliyemwita muuaji wa mlima mbele ya mkutano wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unanunua au unatukana?"

"Nimekuja kuomba."

Akawageukia wenzake. "Jamani, leo jua limechomoza upande gani?" Wakacheka. Kisha akanikazia macho. "Mwaka jana ulisema mlima utatuangukia. Mwaka juzi pia. Tumekufa mara ngapi?"

Majibu yalinijaa mdomoni. Niliyameza, nikampa mikanda. "Safari hii sisemi mimi, mzee. Pandanisha paa na paa, inua juu, tazama jiwe."

Akaipandanisha kwenye mwanga, akaitenganisha, akaipandanisha tena. Alisema neno moja tu: "Kesho asubuhi nitakwenda kuliona."

Leo ndiyo asubuhi yenyewe. Wingu limeukalia mlima na maji ya kijito yamegeuka tope. Nimemsihi Mama Sabina alete watoto kwangu. "Mpaka mjomba aseme, kaka," amenicheka. "Wewe si kawaida yako kuogopa kila siku?" Hapana. Kila siku nilikuwa nakasirika. Kuogopa ndiyo kwanza naanza.

Msalimie shemeji, asiache kukukanda mguu. Msalimie shangazi anayetuombea, leo aongeze. Na yule mpwa wetu fundi cherehani mwambie

Nakatiza, dada. Namwona Mzee Leodgar kupitia dirisha. Alipanda polepole kwa fimbo yake, akainama nyuma ya jiwe. Sasa anashuka bila fimbo. Anakimbia, anaita watoto kwa majina, mmoja mmoja.

Nakwenda kuwabeba.

Mdogo wako,
Fortunatus