Kura Niliyompa kwa Hasira

Mji wa Ibra, Jumapili

Basi kura yangu nimempa yule anayesema wageni wametunyang'anya kazi. Mwaka wa tatu huu binti yangu Salma amekaa nyumbani na shahada yake, na hakuna mgombea mwingine aliyeitaja hasira yangu.

Nilipomwambia mama, aliniuliza, "Na sisi tulipotoka Unguja tukaja huku Uarabuni, mgeni alikuwa nani?"

"Mama, yule mgombea hakutukusudia sisi."

"Waliokucheka Kiarabu chako nao walikuwa na hasira zao, mwanangu."

Nilikuwa na miaka saba, kila siku natoka skuli nalia.

Kesho Alam, fundi charahani mgeni, Mbangali aliyemshonea Salma nguo ya mahafali, atanisalimu kama kawaida. Sijui nitamtazamaje.