Dhahabu ya Kwenye Kipimo cha Malaria

Jumamosi, Tangini. Mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika. Inyeshe tu. Nikitoka nje leo nitagombana na asiye na kosa, na mwenye kosa ninaye humu humu ndani, kajifunika shuka anajifanya kalala.

Bi Tatu si mwizi. Naliandika hili kwanza, maana tangu juzi mama wa watu anaitwa mwizi na mimi nilikaa kimya nikidhani labda.

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja kule Kisarawe ndani, upande wa Mzenga. Wikiendi nisiyo na zamu narudi kwangu hapa Kibaha. Bi Tatu ndiye mhudumu wetu, anafagia, anachemsha vifaa, anabembeleza watoto wanaolia. Funguo za kabati la vipimo tunazo wawili tu, yeye na mimi.

Mwezi uliopita tulipelekwa semina. Mtaalamu akatueleza habari za nano, teknolojia ya vitu vidogo kiasi kwamba unywele wa mtu mbele yake ni gogo. Akasema ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni chembe za dhahabu. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haing'ai njano, inakuwa nyekundu. Zile chembe zimepakwa kitu kinachonasa alama za mdudu wa malaria kwenye damu, zikijikusanya ndipo mstari unatokea. Tena huko maabara watafiti wanajaribu chembe za namna hiyo zipeleke dawa ya saratani kwenye uvimbe wenyewe, mwili mwingine usiteseke. Nilitoka pale nimefurahi kama mtoto. Miaka yote nachoma watu vidole, kumbe nimeshika sayansi nzito namna hii!

Nikaja kumsimulia mume wangu. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Baba Neema akasikia neno moja.

Dhahabu.

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu, akaja kunitembelea kazini na pikipiki yake. Mvua ikatukuta kwenye chumba changu cha watumishi jirani na zahanati, nikampa funguo zangu zote akanichukulie mwavuli ofisini. Alichelewa kurudi. Nikadhani anapiga soga na mlinzi.

Alhamisi boksi la vipimo la mezani likaisha. Mbele yangu kulikuwa na mama kutoka Marui, mtoto wake Zuhura mgongoni, anachemka, macho yamelegea. Nikafungua kabati nitoe vipimo vipya. Katoni ipo, ndani matambara.

"Nesi, mbona umesimama?" yule mama akaniuliza.

Nilimwambia nini? Homa si malaria tu, na mtoto akiwa vile huwezi kubahatisha. Nikampa huduma ya kwanza, nikawapakia kwenye bodaboda, mvua inanyesha, waende hospitali ya wilaya. Barabara ilikuwa tope tupu. Huko wakampima, ilikuwa malaria, na kali. Tungeijua palepale, dawa ingeanza kabla hajapanda pikipiki.

Mchana mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, akamwita Bi Tatu mbele ya wagonjwa. Mbele ya wagonjwa, jamani! "Mwanangu, mie nivitakie nini hivyo viplastiki?" Ndilo alilosema tu. Akaambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu, kisha apelekwe polisi.

Leo nimeingia kwangu, uani kunanuka asidi ya betri. Sufuria yangu ya ubwabwa, ile kubwa, imetoboka kitako. Humo kuna vipimo vyote, vimevunjwavunjwa, vimelowekwa. Fundi pikipiki mzima, na ndevu zake, anachimba mgodi kwenye sufuria!

"Wewe si ndiye uliyesema kuna dhahabu?"

Nilitamani kumrushia kitu. Baba Neema, dhahabu ya katoni yote ile haijazi tundu la sindano! Haifai kitu popote duniani isipokuwa pale ilipowekwa, kwenye damu ya mtoto mwenye homa. Tamaa mbele, mauti nyuma, na mauti yenyewe yalikuwa yanamwendea mtoto wa mwenzio.

Alipoona nalia akashusha sauti. "Mke wangu, tuyamalize humu ndani. Aibu hii isitoke nje."

Isitoke? Imeshatoka, imevalishwa Bi Tatu.

Nikampigia Bi Tatu simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Zuhura anaendeleaje? Kapata uji?"

Kapata, nikamwambia. Asubuhi hii mama yake kanipigia, homa imeshuka. Bi Tatu akashukuru Mungu mara nyingi, wala hakugusa habari zake. Nikashindwa kumwambia kwenye simu. Nimemchukia mume wangu leo, lakini hapo nilijichukia mwenyewe pia, kwa kule kudhani labda.

Basi. Jumatatu asubuhi naingia kwa mganga mfawidhi, wagonjwa wakiwa palepale kwenye benchi, kama walivyokuwepo siku ile. Funguo nilikabidhiwa mimi, mimi ndiye niliyempa mtu mwingine. Wakinisimamisha kazi, wanisimamishe.

Na Baba Neema tunakwenda naye. Sufuria ataibeba yeye.