Uji wa Ijumaa

Nairobi, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Je, goti lako limepata nafuu, au bado unapanda hadi shamba la juu huku umelishika? Na Baba, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima. Kazi ya ukarani inanichosha macho tu, na ndizi za huku hazina ladha kabisa.

Sasa keti nikupashe habari, maana siku hizi natembea kifua mbele.

Unajua kwamba jioni ninaandika kumbukumbu za mikutano ya chama cha baiskeli, wale wanaoshindana kutoka Nairobi hadi Kisii kwa siku kadhaa na kupita hapo kwetu Nyakoe Jumamosi, siku yetu ya Sabato. Juzi kamati ilikaa kuamua kama vituo vya chakula vya watu wa kujitolea viendelee, au vifutwe na kazi yote ipewe lori la kukodi. Mzee mmoja aliyekagua njia mwaka jana akasimama.

"Watu wa bure si wa kutegemewa," akasema. "Pale Nyakoe nilikuta akina mama wamevaa nguo za kanisa, hakuna moto, hakuna sufuria. Nauliza chai, wananiambia leo hatupiki!"

Watu wakacheka. Nami, Mama, niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika. Niliona haya, na ninakuomba msamaha.

Ndipo mwendeshaji mmoja kutoka Machakos akaomba kusema. "Mzee, wewe ulipita na gari. Mimi nilifika pale miguu inatetemeka. Wale mama walipika tangu Ijumaa! Viazi vitamu, ndizi, uji wa wimbi uliopoa, vyote tayari. Sikungoja hata kidogo. Vituo vingine tulikuta watu bado wanapuliza moto. Na lile lori la mizigo yetu? Lilikwama matopeni, likafika Kisii kesho yake."

Kweli akiba haiozi. Kamati ikakubaliana vituo vibaki, na kila kituo kipike siku moja kabla, kama mnavyofanya ninyi. Sasa hata Wakatoliki watashika siku yako ya maandalizi ya Sabato, Mama!

Mwenyekiti akaniambia niandike jina la msimamizi wa Nyakoe kwa mashindano yajayo. Wote wakatazamana, hakuna aliyelijua. Nikaweka kalamu chini, nikasimama.

"Anaitwa Kerubo," nikasema. "Ni mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee mwenyewe alikuja kunishika mkono.

Nisalimie Baba, dada yangu Moraa na darasa lake la watoto kanisani, mchungaji aliyewaambia kwamba kumpa maji mwenye kiu si kazi, na akina mama wote uliosimama nao barabarani. Najua utasema wewe ni mzee na wapo wanaofaa zaidi. Umechelewa, Mama, jina lako nimeshaliandika kwa wino.

Mwanao anayejivunia kuzaliwa nawe,
Momanyi