Mifuko Sita ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeliona jina la baba kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku. Namba 212. Mifuko sita, imechukuliwa, dole gumba limewekwa. Baba tulimzika mwaka juzi! Alipokuwa hai aliomba misimu minne, hakuambulia hata mfuko mtupu. Sasa yuko kaburini, kapewa sita.

Nilitaka kucheka. Halafu nikafika chini ya ukurasa: "Imehakikiwa na Bibi Shamba." Na saini — yangu. Naikumbuka siku ile. Mkuu wa ofisi kaja na rundo la karatasi, gari linaunguruma nje, tia saini haraka dada, zinakwenda wizarani. Nikatia. Kurasa kumi na tisa, sikusoma hata mmoja. Mjinga mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepitia orodha yote. Marehemu ninaowajua ni kumi na mmoja. Mmoja alinifundisha darasa la tatu. Nani ataamini kuwa sikujua, na baba yangu mwenyewe yumo? Watasema nilianzia nyumbani.

Mume wangu anasema ninyamaze, mbolea haijawahi kumfunga mtu. Yeye hakutia saini.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi anakuja Jumatatu! Ataita majina ukumbini, kila mkulima asimame aonekane. Mkuu kaniita, kafunga mlango, kanimiminia chai kwa mkono wake — hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kasema kila marehemu ana ndugu, na ndugu hufanana. Nimtafutie mtu wa namba 212.

"Funika kombe mwanaharamu apite, dada. Saini si yangu."

Mbolea yenyewe iko shambani kwake. Kila mtu anajua. Chai sikuinywa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa baba mdogo kumwomba asikubali. Nimechelewa. Mkuu kapita jana, kamwahidi mifuko miwili. Nilimkuta anapalilia mahindi, yamekuwa ya njano, na mvua haimsubiri mtu. Nikamwambia tutafungwa wote wawili. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, kaka kachukua sita naye kalala. Mimi niko macho, ninyimwe hata miwili?"

Nikapitia nyumbani kwake. Mama mdogo keshampigia pasi koti.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika barua ya kueleza yote. Nimeichana. Nikisema kweli, mkuu anaanguka, na baba mdogo anaanguka naye. Nikinyamaza, nimekalia kuti kavu maisha yangu yote. Naogopa.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa stoo ya ofisi, nimekalia viroba vya mbegu. Mkaguzi katoa mapumziko ya dakika kumi. Nilitarajia mbabe — kumbe mama mmoja mpole, sauti ndogo, miwani imening'inia kifuani.

Akaita 212. Baba mdogo akasimama na koti lake, akaitikia jina la kaka yake. Naam. Ukumbi mzima ukaangalia sakafu. Mkaguzi akamtazama, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyehakiki. Huyu ni nani?"

Mdomo ukajisemea. "Baba yangu."

Si uongo! Ndugu wa baba ni baba, tangu nimepata akili namwita hivyo. Mkuu alitabasamu. Baba mdogo alikaa, jasho linamtoka.

Mkaguzi hakuandika kitu. Alivaa miwani, akanisogezea daftari lake, polepole, na kalamu juu yake. Kasema tukirudi nimsaidie jambo moja dogo tu.

"Baba tunao wengi, mwanangu. Niandikie hapa ni baba yupi, halafu tia saini."

Nawasikia wanavuta viti. Wameanza kurudi.