Uzi Mweusi kwenye Mia Mbili na Tisa

Fundi Athumani,

Ni mimi Selemani wa Malolo, uliyezoea kuniita Mbishi. Miezi minane imepita tangu tukuzike. Kila Ijumaa napita kaburini, nakuombea dua, kisha naondoka haraka, kwa sababu nina neno moyoni na nilikuwa naona haya kulisema mbele yako. Leo naliandika. Kwa nini kipimajoto chako ulimpa Alois?

Haya, nimesema. Sasa nikueleze ya huku.

Karanga zimeshindikana, Fundi. Mashamba tuliyoyafyeka kwa matrekta yanarudi kuwa vichaka, na nusu ya mashine zimepangwa nyuma ya karakana, hazina wa kuziwasha. Iliyobaki na kazi ya kweli ni ile mashine kubwa ya kuchimba, kwenye machimbo ya changarawe, njia ya Ruangwa, karibu na Likunja. Ndiyo niliyokuwa naihangaikia wiki uliyougua. Siku nne nilikuwa nayo, na hakuna aliyetumwa kuniambia kwamba homa imekuzidi. Nilipofika kwako, Alois alikuwa amekaa kando ya kitanda na kopo la maji mkononi, na kile kisanduku chembamba chekundu cha kipimajoto kimechungulia mfukoni mwake. Mama Zuhura aliniambia baadaye, "Mume wangu alitaka kukabidhi vitu vyake, mwanangu. Alois ndiye aliyekuwepo."

Basi. Miaka mitano nimeshika spana chini yako, yeye miwili, na hesabu yote ikaishia kwenye nani alikuwepo.

Najua, yeye amesoma misheni. Anakisoma kitabu cha mashine kwa Kiingereza kama anayesoma barua ya dada yake. Mimi hesabu nilijifunza sokoni, kwa kupima ufuta kwa pishi, na kusoma ulinifundisha wewe kwenye vibati vya injini, herufi moja moja, kidole kimejaa grisi. Lakini ukimwona Alois anatoa kile kioo kisandukuni, watu wanamzunguka. "Fundi, nitazamie na yangu." Fundi! Jina hilo lilikuwa lako. Kila nikilisikia, nilichukua spana yangu nikatoka nje.

Sikiliza sasa kilichotokea.

Mwezi uliopita ile mashine ilianza kutoa mvuke kwenye rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, huku geji ya joto inaonyesha digrii mia na sitini za Farenhaiti, kana kwamba injini haijapata moto. Dereva wake, Mzee Chilumba, akasema geji inaongopa. Alois akaifungua yote, geji yenyewe, mrija wake mwembamba, na kile kichwa cha shaba kinachozama kwenye maji ya injini. Akaileta karakanani Nachingwea, akachemsha maji kwenye sufuria, akatumbukiza kichwa cha shaba pamoja na kipimajoto chako. Sindano ya geji ikapanda, ikasimama mia mbili na tisa. Kitabu kinasema maji huchemka mia mbili kumi na mbili.

"Inaiba digrii tatu," akasema. "Imekufa hii."

Kisha akatazama kipimajoto chako. Nacho mia mbili na tisa.

Hapo ndipo jina lako lilipoanza kuchafuliwa. Kama kipimajoto ni kibovu, basi na geji zote ulizozipima nacho ni mbovu. Msimamizi akaamuru zifunguliwe zote, thelathini na saba. Dereva mmoja akacheka, "Kumbe marehemu alikuwa anatubahatishia!" Mwingine akadakia, "Ndiyo maana injini yangu ilipasuka kichwa, nikafokewa mimi bure."

Nami nilikuwa najua, Fundi. Nilijua pale pale. Nikanyamaza.

Siku mbili nilinyamaza. Nilimtazama Alois jasho linamtoka, anafungua geji moja baada ya nyingine, nikasema moyoni, si umepewa wewe? Pima basi. Nilikula vizuri siku hizo. Nililala vizuri. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka safari yetu ya Lindi, tulipofuata vipuri? Tulichemsha chai karibu na pwani, ukatumbukiza kipimajoto kwa mchezo tu. Mia mbili kumi na mbili. Tuliporudi Nachingwea ukachemsha tena. Mia mbili na tisa. Ukarudia mara tatu, ukidhani macho yako yamechoka. Halafu ukacheka peke yako, ukaniambia, "Mbishi, huku tumepanda juu. Maji ya huku yana haraka, huchemka kwa joto dogo kuliko ya pwani." Ukaomba uzi mweusi kwa Mama Zuhura, na mimi ndiye niliyeufunga kwenye kioo, mkono wangu huu, kwenye mia mbili na tisa. Tangu siku hiyo, tukichemsha maji ya kupimia geji, hatukutazama namba. Tulitazama uzi.

Uzi haukuwepo tena. Alois aliukata kwa wembe siku ile ile aliyokabidhiwa. Alidhani ni hirizi.

Siku ya tatu msimamizi alikichukua kisanduku chekundu, akatembea nacho hadi kwenye pipa la vyuma chakavu. Nilimwona anafungua kifuniko cha pipa. Kilichonifungua mdomo sijui ni nini. Nikapiga kelele, "Hicho ni kizima! Na geji ni nzima! Alois, panda lori la Lindi kesho, na uende na sufuria."

Wakaangua kicheko. "Sele, kwani huku masufuria yamekwisha?"

Alois hakucheka. Alienda. Alirudi kesho yake vumbi hadi kwenye nyusi, hata maji hajanywa, akasema mbele ya wote, "Mia mbili kumi na mbili, ndugu zangu. Nimechemsha mara tatu." Kisha akanigeukia, kwa sauti ndogo. "Ule uzi ulikuwa wa hiyo kazi?"

Nikaichukua geji ile ile hadi machimboni, nikaifunga mahali pake. Niliweka kiganja ubavuni mwa injini, nikasubiri hadi ipoe, kama ulivyonilazimisha siku zote, ndipo nikafungua rejeta. Maji yamepungua debe zima. Mpira wa maji wa chini ulikuwa unavuja tone kwa tone, na changarawe inayanywa, hakuna aliyeona. Maji ya injini yalikuwa yameshuka chini ya tundu la kile kichwa cha shaba, kwa hiyo kilikuwa kimekaa hewani, hakigusi kitu. Kitapimaje maji kisiyoyagusa? Nikafunga mpira mpya, nikajaza, nikawasha. Mia na sitini. Sabini. Themanini. Ikatulia hapo. Mzee Chilumba akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo ni maji." Hukosi kumjua.

Jioni Alois alinijia na kisanduku. "Chukua, Sele. Ni chako."

Mkono ulinitoka wenyewe, Fundi. Nikaurudisha. Nilikitaka kutoka kwako, na wewe hupo. Kupewa na Alois si kitu kile kile. Nikamwambia akae nacho. Nikaenda kwa Mama Zuhura kuomba uzi mweusi. Alinikatia bila kuuliza wa nini. Nikaufunga, Alois ameshika kioo.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Akikitoa mfukoni bado kinanichoma. Umepungua labda digrii tatu.

Zile siku mbili unisamehe. Geji thelathini na saba nimezirudisha zote mimi mwenyewe, na kila dereva nimemwambia ni nani aliyezipima kwanza, na kwamba alipima sawasawa. Uzi utaoza kwa maji ya moto na mafuta. Kwa hesabu yangu haumalizi miezi minne. Kila ukikatika nitaufunga mimi. Alois atashika kioo, nami nitafunga uzi, hadi mmoja wetu akufuate.

Pumzika, Fundi wangu. Ijumaa nitakuja, na safari hii sitaondoka haraka.

Selemani, Mbishi wako