Baba Mkwe Hataki Nukta Ibaki Nje ya Mstari

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapoteza mtihani au amani ya nyumba, maana naviona vyote viwili vikiondoka pamoja. Mimi ni mke wa seremala, nasoma masomo ya jioni ili niingie chuo cha ufundi wa maabara, na mtihani wa vitendo umekaribia, na humo grafu ndiyo yenye alama nyingi, sasa baba mkwe, mwalimu mstaafu wa hesabu, amejitolea kunifundisha bila kuombwa, jambo ambalo mume wangu aliliita baraka kisha akatoka zake kwenda karakana.

Juzi tulichemsha maji, tukayaacha yapoe kikombeni huku tukipima joto kila baada ya muda, nikaweka nukta zangu kwenye karatasi, zikateremka vizuri isipokuwa moja iliyozama peke yake, na iliyofuata ikarudi juu, basi nikataka kupitisha mstari laini katikati yake kama tulivyofundishwa darasani, baba akanishika mkono.

"Mwanangu, hii mbona unaipita kama huijui?"

"Imetoka njiani, baba."

"Imepimwa, haikupimwa?"

"Imepimwa."

"Basi iunganishe."

Akachukua rula akaziunganisha zote, mstari ukawa meno ya msumeno, kisha akauliza grafu inatuambia nini, akajijibu mwenyewe kwamba maji yalipoa, yakajuta, yakapata joto tena. Nikasema, "Naam, baba." Sikusema kwamba kwenye nukta ile alikitoa kipimajoto majini akakipeleka dirishani kutafuta mwanga, kwa kuwa hakuvaa miwani. Nikichora kwa njia yake nitafeli, nikichora ya darasani ataona nimemdharau ndani ya nyumba ya mwanawe. Nifanyeje?

Mkamwana Njia Panda

*

Mkamwana, pole. Nakupa pole moja tu, ya pili umejinyima uliposema "naam" huku ukijua maji ya kikombeni hayapati joto upya bila moto. Hiyo si heshima, ni woga uliovaa nguo za heshima. Hakuna adabu iliyokukataza kuuliza, "Baba, miwani iko wapi?"

Mkwe wako ana haki nusu. Nukta iliyopimwa haifutwi, na anayefuta kila kinachomsumbua nisimkute maabara siku ninayopimwa damu. Lakini kuiacha kwenye karatasi si kuipa usukani. Mstari unaonyesha mwenendo wa maji, si wa mpimaji. Nukta moja ikijitenga na nyingine, muulize kwanza aliyeshika kipimajoto.

Kwa hiyo chemsha maji upya. Mpe baba saa na kalamu, yeye aite muda na kuandika. Kipimajoto ushike wewe, kisitoke majini, na jicho lako liwe usawa wa alama. Muda uweke kwenye mhimili wa chini, joto kwenye wa wima, penseli iwe imechongwa. Chora matokeo ya leo kwenye karatasi ileile ya juzi, umwekee mbele, unyamaze. Mwalimu wa hesabu ataona mwenyewe. Asipoona, mwache, amestaafu.

Na siku ya mtihani, nukta ikipotea njia izungushie duara, andika sababu kama unaijua, pitisha mstari wako, nenda swali linalofuata. Baba hatakuwemo chumbani. Karatasi itakwenda kwa msahihishaji, na huyo hujaolewa kwao.