Mkwaruzo Ubavuni mwa Datsun

Komarock, Nairobi
Jumatano, baada ya Adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Ruqaiya,

Asalaam aleikum. Salamu zangu zinaanza kwako, zipite kwa shemeji Aqil na goti lake, zimfikie bibi harusi wetu Abrar, ambaye nasikia siku hizi hali wala halali kwa ajili ya rangi ya mapazia ya ukumbi. Mwambie mapazia hayajapata kuvunja ndoa ya mtu. Sisi huku tunashukuru. Wifi yako Kibibi ni mzima, duka lake la vitambaa linakwenda, na sauti yake bado inasikika kutoka getini hadi jikoni. Mimi mwenyewe si mgonjwa wa kulala. Hali yangu nitaieleza nikifika mahali pake, maana wanijua, sipendi kurukia mwisho wa jambo.

Umeniuliza kwa simu mara mbili, na mara zote mbili nikakwambia laini ni mbovu. Laini haikuwa mbovu. Umeuliza kama nitakuja Mombasa na Datsun, na kama mimi, mjomba mtu, ndimi nitakayemwendesha Abrar siku ya harusi kutoka nyumbani hadi ukumbini. Ni heshima kubwa, nami niliipokea kwa furaha ulipoitaja mara ya kwanza. Tangu hapo nimekuwa nikiamka na swali hilo na kulala nalo. Nimeona heri niandike, kwa sababu jibu lake lina sehemu nyingi, na ukinisikiliza kwa simu utanikata kauli kwenye sehemu ya kwanza.

Unakumbuka Pasaka ile Baba alipotupeleka Mariakani kuyatazama magari ya mbio za Safari. Tulisimama tangu asubuhi, likaja Datsun moja limejaa tope hata namba hazisomeki, likapita kama kombora, nawe ukapiga kelele kwamba hilo ndilo gari zuri kuliko yote duniani. Mimi nilikaa na neno lako miaka mingi. Nilipolipata la aina ileile, la milango miwili na viti viwili, kutoka kwa bwana mmoja wa Ngara aliyekuwa akihamia Kanada, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuliosha. Tangu siku hiyo halijalala na vumbi. Wewe ulipenda gari kwa tope lake, mimi nikalipenda langu kwa kulikosesha tope, na mpaka leo hatujapatana ni nani kati yetu alielewa vizuri.

Watu hudhani kutunza gari la namna hii ni kulifungia. Sivyo, na niliwahi kuwaeleza hata wanafunzi wangu wa fizikia. Gari lililosimama hufa polepole. Tairi hubonyea upande mmoja, mipira inayozuia oili hukauka na kupasuka, petroli huganda ndani ya mirija, panya hufanya nyaya chakula. Lakini gari linaloendeshwa nalo huliwa, tena mbele ya macho yako. Kokoto huruka, matuta hugonga tumbo, na upepo ukitoka upande wa Dandora hutuletea jivu la jaa, na jivu likipata umande hung'ata rangi kama ndimu. Kwa hiyo nilijipimia furaha yangu kama mtu anavyojipimia dawa. Kila Jumapili baada ya Alfajiri nililitoa, nikashika barabara ya Kangundo hadi kupita Ruai, basi. Pale barabara inaponyooka nilikuwa nikikanyaga kidogo tu, na sauti ya injini hubadilika, kama mtu aliyekuwa akikohoa akapata la kusema. Dada, sijui kukueleza raha ile. Halafu ningekumbuka kokoto, nikaondoa mguu.

Saa moja ya kuendesha niliilipia kwa asubuhi nzima ya kufuta na kupaka nta. Kibibi hunicheka. Husema Probox yake ya kubebea vitambaa ikipata vumbi hupata wateja, Datsun langu likipata vumbi hupata daktari. Hajawahi kuugusa usukani wa Datsun, na si kwamba hajaomba. Huiendesha ile Probox kana kwamba matuta yalijengwa kwa ajili ya watu wengine, nami nilikuwa nikimwambia kila mtu na gari lake.

Sasa nije kwenye mkwaruzo. Jumapili moja, nikiwa nafuta, mkono wangu ulisimama. Ubavuni kushoto, kutoka juu ya gurudumu la mbele hadi karibu na kishikio cha mlango, palikuwa na mkwaruzo mrefu, umeingia hadi kwenye bati. Nilikaa chini pale kwenye saruji kama mtu aliyepokea habari za msiba. Nilipotazama vizuri niliona ndani yake alama za rangi ya kijani, na nikafikiri nimepata ushahidi. Mkokoteni wa Nzomo, anayetuletea maji mabomba yakikauka, ni wa kijani.

Sikumtaja. Nakwambia hivyo nikijua si utetezi. Nilichofanya ni kusimama kando ya geti kila alipoingia na mitungi yake, nikamtazama yeye, kisha nikautazama mkokoteni, kisha nikalitazama gari. Watu wa geti letu, yaani majirani tunaotumia lango moja, wana macho, waliyafuata yangu. Lorine, yule msusi wa nyumba inayotukabili, akaanza kununua maji kwa mtu mwingine. Wengine wakafuata, na baada ya muda Nzomo akaacha kuja.

Hata hivyo hasira yangu haikushiba. Nilikwenda kwa Maalim Rayyan nikamwomba anisomee Halbadiri. Ndiyo, mimi, mwalimu wa fizikia mstaafu, kwa ajili ya rangi ya gari. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina hakika nimedhulumiwa. Nikamwonyesha picha ya mkwaruzo kwenye simu. Akasema picha inaonyesha mkwaruzo, haionyeshi dhuluma, na kwamba kisomo kile hakina jamaa wala rafiki, kikitumwa kwa mkosaji humfuata mkosaji, awe ni nani. Akanitaka nikae juma zima nitafakari, ndipo nirudi.

Badala ya kutafakari, nilitangaza. Katika mkutano wa usalama wa geti nilisimama nikawaambia majirani kwamba Alhamisi itasomwa Halbadiri. Wewe huhitaji maelezo, lakini wengi wao ni Wakristo, ikanibidi nifundishe. Niliwaeleza kwamba aliyeonewa humshtakia Mungu mkosaji asiyemjua, kwa baraka za watu wa Badri, wale waliopigana pamoja na Mtume, na mkosaji hupatikana popote alipo, mwingine tumboni, mwingine akilini, mwingine machoni. Zedekiah, mzee wa kanisa na jirani yangu, akauliza kwa sauti kama kinawapata hata Waanglikana, watu wakacheka. Lakini kicheko hicho hakikufika mbali.

Kesho yake yalianza maungamo. Lorine alikuja na sahani ya mahamri, akasema, Guka, yaani babu, usinisomee, akakiri kwamba siku yake ya kuzaliwa alikalia bonneti apigwe picha, lakini alivua viatu na alikaa sekunde tu. Zedekiah mwenyewe alikuja jioni akijifanya anatafuta chumvi. Ikatokea kwamba kila nikienda msikitini Ijumaa yeye huanika mahindi yake juu ya turubali la gari langu, kwa sababu pale ndipo penye jua. Alisema hataki kukutwa na watu wa Badri akiwa na githeri ya mahindi hayo mdomoni. Mtu wa nyumba ya pembeni akakiri paka wake hulala chini ya injini. Nikagundua kwamba gari nililodhani ni langu peke yangu lilikuwa likitumiwa na geti zima, na kwamba mtu aliyelifurahia kidogo kuliko wote nilikuwa mimi. Lakini hakuna aliyekiri mkwaruzo.

Siku mbili kabla ya Alhamisi ile Kibibi alinipeleka kwa daktari wa macho. Alisema siwezi kwenda Mombasa na miwani ya enzi ya Moi, wageni wakadhani hana mume bali ana makumbusho. Nilikwenda ili tusigombane. Niliwekewa kidevu kwenye mashine, nikaambiwa nitazame doa la katikati, na kila nitakapoona taa ndogo ikiwaka popote nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Kukawa na kimya kirefu, nikadhani mashine imekwama, nikamwambia binti anayeiendesha kwamba imekwama. Akanijibu kwa upole kwamba haijakwama, baba, taa zinawaka.

Hapa ndipo mahali pake, Ruqaiya, pale nilipokuahidi. Nina presha ya jicho. Daktari alinieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza. Ndani ya jicho mna maji, na maji yale yakikosa njia ya kutoka husukuma mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ukafa kidogo kidogo, bila maumivu, ukianzia pembeni. Jicho langu la kushoto limekwisha sehemu kubwa. La kulia nalo limeguswa. Na ubaya wake ni kwamba mtu haoni giza. Ubongo hushona pengo kwa kile unachodhani kipo. Mahali penye nguzo, ukidhani ni njia, utaona njia.

Aliniuliza kama huwa nawagonga watu wa upande wa kushoto, au kama watu hunilaumu kwamba hawaitikiwi salamu. Kibibi akajibu kabla yangu. Mimi sikuwa nikisikiliza tena. Nilikuwa nimekwisha rudi nyumbani kwa mawazo, nipo getini, natoka alfajiri, na kushoto kwangu ipo ile nguzo ya chuma ambayo kamati yetu iliipaka rangi ya kijani.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja. Ilibidi nigeuze shingo nzima ndipo nguzo ionekane. Upande wake wa ndani, sawasawa na kimo cha gurudumu, upo mstari wa rangi ya chungwa. Rangi ya gari langu. Niliushika kwa kidole. Kibibi aliinama kando yangu, akaushika naye.

Nitakuambia lililonitisha kwanza, usinicheke. Nilidhani kisomo kimenipata kabla hakijasomwa. Nilimpigia daktari simu nikamuuliza ugonjwa huu una umri gani. Akasema miaka, pengine mingi. Nikashusha pumzi, kisha nikaona kwamba hilo ni baya zaidi, kwa maana ni miaka nimekuwa nikipita barabarani na upande mmoja wa dunia nikiubuni. Nimepita watoto wangapi kushotoni mwangu? Swali hilo ndilo linaloniamsha sasa. Rangi ya gari sijaifikiria tena.

Nilimwambia Maalim aache. Akasema hakuwa ameanza. Nikawaita watu wa geti nikawaonyesha nguzo. Zedekiah aliinama akaitazama, akasema basi watu wa Badri ni wenye huruma, wamenitumia mke wangu na daktari. Kisha nikaenda hadi kwenye kisima wanapochota wauza maji. Nilimwomba Nzomo radhi mbele ya wenzake. Hakunirahisishia. Alisema, Mzee, wewe hukunitaja, ulinitazama tu. Afadhali ungenitaja, ningejibu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema Nzomo hana kosa, na Jumatatu alirudi na mkokoteni wake. Salamu ananipa. Mazungumzo bado, na sidai.

Kwa hiyo jibu lako, dada, ni hili. Sitamwendesha Abrar. Daktari amenikataza kushika usukani wa aina yoyote, leo na kesho, na dawa za matone ninazotia ni za kulinda kilichobaki, hazirudishi kilichokwenda. Nilipomweleza Kibibi kwamba itabidi tuliache Datsun chini ya turubali tuje kwa treni, aliniuliza linalindiwa nani. Nikaanza kumweleza kuhusu malori ya barabara ya Mombasa, kokoto, chumvi ya hewa ya pwani. Akanyoosha mkono wa kupokea ufunguo.

Jumapili iliyopita alilitoa, mimi nikiwa nimekaa kiti cha abiria nimeshika mkanda kwa mikono miwili. Kupita Ruai alikanyaga. Nilifungua kinywa nimkumbushe kokoto, sauti ile ikabadilika, nikafumba. Hakuondoa mguu, Ruqaiya. Aliendelea mpaka barabara ilipokwisha kunyooka, akicheka peke yake, na vumbi tulilorudi nalo halijafutwa mpaka ninapoandika. Naliona kila nikipita dirishani, mkono unaniwasha, nanyamaza. Kuhusu mkwaruzo, fundi wa Kariobangi anasema ni kazi ya siku moja. Sijampelekea. Siku nyingine nataka, siku nyingine sitaki.

Tutatoka huku mchana kweupe, siku tatu kabla ya harusi, Inshallah. Siku yenyewe Kibibi ndiye atakayemleta Abrar, kwa kuwa viti ni viwili tu, mimi nitangulie ukumbini na shemeji. Nina ombi moja, nalo si zito. Usiniweke ndani na wazee. Niache nje mlangoni, na unisimamishe mahali ambapo gari litatokea upande wangu wa kulia. Miaka yote hii nimekuwa ndani yake, na sijawahi hata siku moja kuliona likienda.

Msalimie kila anayeniuliza, na umbusu Abrar kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mungu atukutanishe tukiwa salama.

Wasalaam,
Ni mimi kaka yako,
Abdurahim